Wajuzi wa bahari: yule samaki msafishaji wa kwenye matumbawe, jike anageuka dume kweli au nimenyweshwa chai?

#1 Ngalawa_Moja
Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi nilikwenda Mnemba na wageni wa shemeji yangu. Mara ya kwanza maishani kuvaa miwani ya kuzamia, na mimi nimezaliwa Matemwe, msinicheke. Nahodha akatuonyesha kisamaki chembamba, urefu wa kidole cha kati, kina mstari mweusi unaoanzia puani na kupanuka mpaka mkiani, pembeni buluu inayowaka. Kimekaa kwenye jiwe lake, na samaki wengine wamepanga foleni. Foleni kabisa! Kangaja, kitatange, halafu chewa mmoja mkubwa ametulia mdomo wazi, mashavu kayatanua. Kile kisamaki kikaingia mdomoni, nikabaki naona mkia tu unachezacheza. Nikasema huyu ndiyo basi tena. Kidogo kikatokea shavuni, upande wa pili, kizima.

Sasa tukiwa tunarudi nahodha akasema hao wote huanza maisha wakiwa majike, na dume akifa, jike mkubwa anageuka kuwa dume. Nikamwambia mzee acha chai. Akaapa. Nani ana uhakika? Maana nikisimulia nyumbani watasema nimekunywa maji ya chumvi.

#2 Kiti_cha_Mbele
Naweka kiti hapa. Wajuzi njooni. Uzi hauna picha lakini kwa hiyo foleni nakusamehe.

#3 Mtoto_wa_Shimoni
Hujadanganywa. Huku Kisite kila anayepeleka wageni anayo hadithi hiyo, na ni ya kweli. Jina lake la kitaalamu ni Labroides dimidiatus. Anaweza kufika sentimita 14, ila wengi utakaowaona ni wa kumi hivi kushuka chini. Yuko kuanzia Bahari ya Shamu, pwani yetu yote, mpaka visiwa vya Pasifiki. Kwa mvuvi hana kazi, kumi wake hawajazi sahani ya mtoto. Marehemu mzee wangu, aliyekuwa akitaja samaki kwa kugusa tu usiku, huyu alimwita "kile kidogo cha jiwe" basi.

#4 Bwege_Msomi
Hii naijua sana. Ni wale wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, wanaokaa ndani ya anemone, yule mnyama wa baharini anayefanana na ua. Kiongozi akifa, anayefuata anageuka. Wapo hata kwenye katuni za watoto.

#5 Mwalimu_wa_Zamu
Bwege, umevaa shati nje ndani. Wale wa anemone huanza wakiwa madume, na mkubwa kuliko wote ndiye jike. Akifa jike, dume lake linageuka jike. Huyu wa Ngalawa_Moja ni kinyume: wanaanza majike, na mkubwa ndiye dume.

Nyumba yao iko hivi. Dume mmoja ana eneo lake lenye majike kadhaa. Majike wenyewe wana ngazi kwa ukubwa, mkubwa anamtisha mdogo, mdogo anamtisha mdogo zaidi. Dume anazunguka kutwa nzima akiwapitia mmoja mmoja na kuwachapa mkwara, nyie tulieni. Mtafiti anaitwa Robertson alikaa akiwachungulia kwenye mwamba wa Heron Island, Australia, na mwaka 1972 akachapisha alichokiona. Ukimwondoa dume, jike wa kwanza kwa ngazi anaanza tabia za kidume ndani ya saa moja na nusu mpaka mbili: anazungukia eneo, anawatisha wenzake, anacheza ile ngoma ya dume. Na baada ya siku 14 hadi 18 ana mbegu za kiume zinazofanya kazi.

#6 Ngalawa_Moja
Saa mbili?! Mimi kuhamisha tu jina la luku kutoka kwa mwenye nyumba nimemaliza wiki tatu.

Asante mwalimu. Basi nahodha namdai radhi.

#7 Bwege_Msomi
Nimesahihishwa, nimekubali. Ila sasa mnieleze: mwili unajuaje kwamba dume hayupo? Anapigiwa simu?

#8 Dada_wa_Maabara
Swali la Bwege ndilo lenye utamu, na hapo wataalamu wenyewe hawako ukurasa mmoja.

Maelezo ya kwanza ndiyo hayo ya Robertson: ule mkwara wa kila siku ndio unaomzuia jike asigeuke. Mkwara ukikatika, breki imeachiwa. Lakini breki inafanyia kazi wapi, kwenye ubongo au kwenye ovari, yaani mfuko wa mayai? Kuna ndugu yake wa Karibi, Thalassoma bifasciatum, dume wake ana kichwa cha buluu, ambaye amefanyiwa majaribio mengi zaidi. Mwaka 1996 watafiti waliwatoa ovari majike kabisa, wakawarudisha kwenye mwamba usio na dume kubwa, na bado wakaanza kujifanya madume. Maana yake kichwa kinatangulia, hakisubiri ripoti kutoka tumboni.

Halafu mwaka 2019 wakaja wengine na vinasaba vya samaki huyohuyo. Wakaonyesha kwamba kile kimeng'enya kinachotengeneza estrojeni, homoni ya kike, kinazimwa mapema sana, na wanahisi homoni ya msongo ndiyo inayobonyeza swichi. Kwa hiyo kuna wa "mkwara umeisha" na kuna wa "mshtuko umeingia". Mtu anaweza kusema ni kitu kimoja kinatazamwa pande mbili. Mimi bado sijashawishika: kuisha kwa mkwara ni nafuu, inakuwaje tena msongo?

#9 Kifaru_Mweupe
Kufiwa na bosi ni nafuu na msongo kwa pamoja. Uliza yeyote aliyewahi kukaimu.

#10 Dada_wa_Maabara
🤣🤣 Nimeshindwa kukujibu.

#11 Kapten_Kanamai
Niseme langu, nalo si la vitabu. Kabla ya kuoa nilifanya kazi ya kushika samaki wa mapambo huku pwani ya Kenya, kwa tajiri mmoja aliyekuwa anasafirisha nje. Unaingia na kiwavu kidogo na kijiti, unamswaga taratibu kutoka kwenye ufa, unamtia kwenye mfuko wa plastiki. Msafishaji alikuwa na oda kila wiki, maana wazungu wanampenda kwa rangi, na ni mwepesi kushika kwa sababu hakimbii jiwe lake. Ukimkosa asubuhi, mchana yupo palepale.

Sasa kulikuwa na jiwe moja, nikilijua kama mlango wa kwetu. Nikamchukua mkubwa. Wiki iliyofuata narudi, yupo mkubwa mwingine, anawakimbiza wadogo vilevile. Nikamchukua. Baada ya siku kadhaa yupo tena! Mimi siku zote nilidhani ni dume wa jirani kahamia. Leo ndio nasikia pengine ni walewale wanawake wa jiwe lile wanapanda cheo mmoja baada ya mwingine, na mimi nawamaliza.

#12 Mwalimu_wa_Zamu
Kapten, yote mawili yanawezekana. Hata kule Heron madume wa jirani walikuwa wanajaribu kuingia pindi tu mwenye nyumba anapotoweka. Jike mkubwa akifanikiwa kuwafukuza, anageuka. Akishindwa, anabaki jike chini ya bwana mpya. Ndiyo maana haraka ile ya saa mbili: asipojipanga mapema nyumba inachukuliwa.

#13 Mchokozi_Halisi
Swali la mtu wa mtaani. Kama udume ni mtamu hivyo, kwa nini wasizaliwe madume wote tangu mwanzo wakapambana?

#14 Mwalimu_wa_Zamu
Piga hesabu ya mchuuzi. Dume mdogo hapati kitu, wakubwa wanamfukuza, anakaa njaa ya watoto maisha yote. Jike mdogo anataga tu, hakosi. Kwa hiyo ukiwa mdogo faida iko kwenye ujike. Ukishakuwa mkubwa wa kutosha kulinda majike watano, faida inahamia kwenye udume. Anachofanya ni kubadilisha biashara wakati mtaji umekua.

#15 Mtoto_wa_Shimoni
Nzuri, ila haimalizi. Kuna Wajapani, kina Kuwamura, mwaka 2002 walionyesha jambo la ajabu. Waliwachukua madume wa samaki huyuhuyu waliobaki bila majike, wakawakutanisha wawiliwawili. Yule mdogo akarudi kuwa jike! Akataga kabisa. Kwa hiyo barabara si ya kwenda tu, ina kurudi. Mtaji haujapungua, mwili ni uleule, lakini kwa kuwa kasimama mbele ya mkubwa wake amerudi alikotoka.

#16 Mchokozi_Halisi
Subhanallah. Uzi huu usipelekwe kwenye siasa jamani, mods watafuta.

#17 Bi_Mwanaisha
Wanangu, mimi nasoma tu humu huwa siandiki. Nimekaanga samaki Wete miaka mingi. Tangu nikiwa msichana mama aliniambia: ukitaka mayai usinunue chewa jitu zima, nunua wa kiasi. Na kweli, nikipasua chewa mkubwa sana simkuti na mayai. Tukidhani kazeeka, amekoma. Kumbe ndiyo habari hii?

#18 Dada_wa_Maabara
Bi Mwanaisha shikamoo, na naomba usiache kuandika. Ndiyo habari yenyewe. Chewa wengi huanza majike kisha wakubwa wanakuwa madume. Pono vivyo hivyo: yule wa kijivu au kahawia mara nyingi ni jike, na yule mwenye buluu na kijani za kung'aa ni dume aliyegeuka. Pono na huyu msafishaji ni watu wa ukoo wa karibu pia. Hata baadhi ya changu wana mtindo huo. Kwa hiyo mvuvi anayelenga wakubwa tu anaondoa madume bila kujua, na wanaobaki wanalazimika kugeuka wakiwa bado wadogo.

#19 Bi_Mwanaisha
Marahaba mwanangu. Basi mama hakukosea, alikosea sababu tu.

#20 Ngalawa_Moja
Sikutegemea uzi ufike Wete. Lakini kuna kitu bado kinanikera. Yule chewa. Kwa nini hakumla? Mdomo ulikuwa wazi, kitoweo kimeingia chenyewe.

#21 Kiti_cha_Mbele
Labda alikuwa kashiba.

#22 Mtoto_wa_Shimoni
Kwa sababu anamhitaji. Kazi ya kisamaki kile ni kula vimelea, hasa vijidudu vya jamii ya aisopodi vinavyonyonya damu, ni kama kupe wa bahari. Alexandra Grutter aliwahesabu kule Lizard Island, Australia, akakuta msafishaji mmoja anakula takriban vimelea 1,200 kwa siku moja, akikagua samaki zaidi ya elfu mbili. Ukimla daktari utatibiwa na nani?

#23 Kifaru_Mweupe
Mkuu hapo umempa chewa akili asizonazo. Chewa akae apige hesabu ya kesho? Binadamu wenyewe tunakula mbegu.

#24 Dada_wa_Maabara
Kifaru ana hoja. Kuna maelezo mengine: msafishaji anampapasa. Ukitazama vizuri, anapanda mgongoni mwa mteja na kumgusagusa kwa mapezi ya tumboni. Walijaribu mwaka 2011 kwa kutengeneza msafishaji wa bandia, mmoja anajongea na mwingine amesimama tuli, wakawapa kangaja. Waliopapaswa na yule anayejongea homoni yao ya msongo ilishuka. Hapakuwa na kimelea hata kimoja kilicholiwa, ni mkono tu. Kwa hiyo chewa huenda hafikirii kesho, anafurahia singo.

Wengine wanasema ni rangi, ule mstari mweusi na buluu vinaonekana kutoka mbali kama kibao cha duka. Chagueni.

#25 Mwalimu_wa_Zamu
Na msimwone mtakatifu huyo daktari. Anachokipenda kweli si kupe. Grutter na Bshary waliwapa wachague mwaka 2003, wakachagua ute wa mwili wa mteja. Ute ule ndio unaomkinga samaki, kwa hiyo kuunyofoa ni wizi. Ukiwa chini angalia: mteja ametulia, ghafla anashtuka mwili mzima kama aliyechomwa sindano. Hapo kaumwa. Wengine wanamkimbiza, wengine wanaondoka zao.

Na kuna kitu Bshary alikiona kule Ras Mohammed, Misri: wateja wakazi, wenye jiwe hilohilo tu, wanasubirishwa. Wapita njia, wanaoweza kwenda kwa msafishaji mwingine, wanahudumiwa kwanza.

#26 Ngalawa_Moja
Mwalimu hiyo si Misri, hiyo ni Nungwi. Mwenyeji anakaa mezani nusu saa hajaletewa hata maji, mgeni akitokea tu na begi, "karibu sana, jambo!"

#27 Kifaru_Mweupe
🤣🤣🤣 Uzi umefungwa, funguo zitupwe baharini.

#28 Dada_wa_Maabara
Usifungwe kwanza, turudi kwa dume. Wakiwa wawili wanamhudumia mteja mmoja na jike akamng'ata, mteja anaondoka, wote wanakosa. Dume anamkimbiza jike kumwadhibu. Jaribio lilichapishwa mwaka 2010: akishaadhibiwa, jike anapunguza kudokoa mara inayofuata. Hapo sababu ni mbili tena. Wengi wanasema anatetea riziki. Mimi nina wasiwasi mwingine: jike anayekula vizuri anakua, na akimkaribia dume kwa ukubwa ni mpinzani. Kila donge la ute ni hatua kuelekea kiti chake.

#29 Mchokozi_Halisi
Kwa hiyo anamnyima chakula asije akawa mwanamume. Nimesikia mengi humu ndani lakini hili...

#30 Mtoto_wa_Shimoni
Wageni waangalie pia yule wa bandia. Kuna samaki mwingine, Aspidontus taeniatus, si wa ukoo wake kabisa lakini amevaa sare ileile, mstari na buluu, na anajua mpaka kucheza ile ngoma. Samaki anamsogelea ahudumiwe, anang'atwa pezi. Tofauti iko mdomoni: msafishaji wa kweli mdomo uko mbele kabisa, wa bandia uko chini ya pua kama wa papa, na ana meno marefu.

#31 Mwalimu_wa_Zamu
Nyongeza ndogo hapo: kung'ata mapezi si chakula chake kikuu. Sehemu kubwa anakula mayai ya samaki na minyoo ya kwenye mirija. Sare inaweza kuwa ya kumlinda asiliwe kuliko ya kuibia.

#32 Mtoto_wa_Shimoni
Sawa mwalimu, ila waliong'atwa hawatakuelewa.

#33 Bwege_Msomi
Nimekwenda kusoma nisiaibike tena. Kuna Wajapani wa Osaka, kina Kohda, mwaka 2019 walimwekea huyu samaki kioo. Wakamtia alama ya kahawia kooni, mahali asipoweza kuona bila kioo. Akajitazama, akaenda kujisugua chini mchangani, halafu akarudi kwenye kioo kuangalia kama imetoka! Jaribio hilo la kupima kama mnyama anajitambua lilianzishwa kwa sokwe mwaka 1970 na mtafiti Gallup.

#34 Dada_wa_Maabara
Na Gallup mwenyewe alikataa. Hoja yake ni kwamba alama ile inafanana na kimelea, na huyu maisha yake yote ni kutafuta vimelea, kwa hiyo si lazima awe anajitambua. Wajapani wakajibu kwa majaribio mengine, mpaka ya kumwonyesha picha yake mwenyewe na picha za wengine, mwaka 2023. Ubishi unaendelea.

#35 Kifaru_Mweupe
Paka wangu huu mwaka wa sita anapigana na kioo. Nimeaibika.

#36 Pwani_Mchangani
Natoka nje ya mada kidogo. Mnajua kwamba Zanzibar tuna ndugu wa huyu samaki aliyepewa jina la Wakanda? Cirrhilabrus wakanda, ametangazwa rasmi mwaka 2019. Anakaa kwenye miamba ya giza mita 50 hadi 80 chini, huko mitungi ya kawaida ya watalii haifiki. Rangi ya zambarau, na haipotei hata akihifadhiwa kwenye dawa. Waliompa jina walimlinganisha na ule ufalme wa kubuni uliojificha.

#37 Mchokozi_Halisi
Samaki wa Unguja anaitwa Wakanda. Hata Mchangani wasingekosa jina jamani.

#38 Kapten_Kanamai
Nimesoma yote haya na nina swali moja. Sisi tuliowaondoa kwenye majiwe, tuliharibu kitu au la? Maana jiwe lile baadaye niliona limepoa.

#39 Mwalimu_wa_Zamu
Inategemea unamuuliza nani. Kule Lizard Island waliwaondoa wasafishaji kwenye vipande vya mwamba kwa miaka 8 na nusu. Samaki wakazi wakapungua kwa asilimia 37, na aina za samaki kwa asilimia 23. Lakini miaka ya 1960 kuna aliyewaondoa wasafishaji wa Hawaii, ndugu wa huyu, na hakuona tofauti yoyote ya maana. Wengine wanasema wa Hawaii hakusubiri vya kutosha. Jiwe lako Kapten linaweza kupoa kwa sababu nyingi, joto la maji, juya, nanga.

#40 Kapten_Kanamai
Asante mwalimu. Mimi nilijua tu wengi walikuwa wanakufa. Tajiri alikuwa akilalamika wanakonda kwenye matangi huko wanakopelekwa, anapiga simu tulete wengine. Sasa utamlisha nini mtu anayetaka samaki elfu mbili kwa siku wa kuwakagua? Niliacha nikaingia kwenye bodaboda.

#41 Mswahili_wa_Maskati
Salaam kutoka Oman. Hapa visiwa vya Daymaniyat wapo vilevile, mstari uleule. Mwaka jana nilinyoosha mkono karibu na jiwe, nina kidonda cha kuumwa na mbu, akaja akakidonoa. Hauumi, kama unapigwa na ncha ya kalamu. Nikabaki nimenyoosha mkono mpaka pumzi ikanitoka.

#42 Kiti_cha_Mbele
Na wewe ulikuwa mkazi au mpita njia?

#43 Mswahili_wa_Maskati
Nilihudumiwa haraka, hesabu mwenyewe.

#44 Ngalawa_Moja
Wakuu, nimempigia nahodha kumwomba radhi. Amepokea, ila akasema sikumsikiliza vizuri: pale kwenye jiwe lake dume wa zamani alitoweka mwezi uliopita, na yule niliyemwona kwenye mdomo wa chewa ndiye aliyekuwa jike mkubwa. Nikamuuliza anajuaje si jirani aliyehamia, kama alivyosema mwalimu. Akasema huyu ana pengo kwenye pezi la mkia upande wa juu, anamjua tangu mdogo.

Maji yakitulia wiki ijayo narudi naye. Kuna mwenye miwani isiyovujisha aniazime? Ile ya shemeji niliangalia nusu ya foleni kupitia maji.